Amri za Kupanga Mafaili ya Kompyuta

Mwanafunzi aliyezoea kuendesha kompyuta kwa kugusa picha kwenye kioo huingiwa na mashaka anapoona kwa mara ya kwanza dirisha jeusi lisilo na picha yo yote, lenye alama moja ya dola na kijistari kinachowaka na kuzimika. Dirisha hilo huitwa terminali. Halisemi neno, linangoja kuamriwa. Aghalabu mwanafunzi hudhani kwamba hicho ni kitu cha kale kilichobaki kwa bahati tu, na dhana hiyo si sahihi. Kompyuta nyingi zinazohifadhi na kugawa habari za intaneti duniani hazina hata kioo cha kutazamia, na mafundi wanaozitunza huziendesha kutoka mbali kwa amri za maandishi.

Makala haya yanaeleza amri za msingi za kupanga mafaili katika mifumo ya jamii ya Unix, yaani Linux na ule wa kompyuta za Apple uitwao macOS. Amri zenyewe ni chache na hukaririwa kwa siku moja. Lililo gumu zaidi, na lenye faida zaidi, ni kufahamu mambo yanayotendeka ndani ya diski kila amri itolewapo. Asiyeyafahamu hayo huweza kupoteza kazi ya muhula mzima kwa kugusa kitufe kimoja mahali pasipostahili.

Asili ya amri fupi

Amri hizi zilizaliwa katika maabara za Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mwaka 1969 maabara hizo zilijitoa katika mradi mkubwa wa mfumo uitwao Multics, uliokuwa ukiendeshwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wameshiriki katika mradi huo, walibaki na mawazo mengi bila mashine kubwa ya kuyajaribia. Thompson alipata kompyuta ndogo ya aina ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi, akaanza kutunga juu yake mfumo mpya, na miongoni mwa mambo ya kwanza kushughulikiwa ulikuwa mpango wa kuhifadhi mafaili. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa Unix. Kitabu chake cha kwanza cha maelezo kilitolewa Novemba 1971, na ndani yake zilikuwamo tayari amri za ls, cp, mv na rm, ambazo mwanafunzi wa leo huzipiga bila kubadili hata herufi moja.

Ufupi wa amri hizo una sababu. Katika siku zile terminali haikuwa dirisha bali mashine nzito mithili ya taipureta, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya na kuchapa juu ya karatasi. Mashine ya Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Mstari wa herufi 70 ulichukua sekunde 7, na vitufe vyake vilitaka vidole vyenye nguvu. Basi maneno yalikatwa kadiri yalivyoweza kukatwa. Neno la Kiingereza lenye maana ya kuorodhesha lilibakiwa na herufi l na s, la kunakili likabakiwa na c na p, la kuhamisha na m na v, la kuondoa na r na m.

Tabia nyingine inayolingana na enzi ile ya karatasi ni kwamba amri iliyofanikiwa haitoi taarifa. Kimya hicho huwachanganya wanaoanza: hupiga amri, wakaona hakuna jibu, wakaipiga tena. Ni vema mwalimu alieleze jambo hili siku ya kwanza. Mashine husema pale tu inapoulizwa au inaposhindwa.

Masjala iliyo ndani ya diski

Kila ofisi kubwa ina masjala, na katika masjala kila jalada lina namba yake. Karani anayetafuta jalada hatembei rafuni akisoma jalada moja moja. Hufungua kitabu cha orodha, akatazama jina, akapata namba, kisha akaifuata namba hiyo mpaka jalada lilipo. Diski ya kompyuta imepangwa hivyo hivyo. Maandishi ya faili yamelala katika vipande vya diski, pengine vilivyo mbalimbali. Kila faili lina kadi yake, iitwayo inodi, yenye namba. Juu ya kadi hiyo huandikwa ukubwa wa faili, mwenye faili, ruhusa zilizowekwa, wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho, na mahali vilipo vipande vyake.

Jambo la kushangaza ni kwamba jina la faili halimo katika kadi hiyo. Jina limo katika saraka, nayo saraka ni orodha tu ya majina na namba za kadi. Watu husema kuwa faili limo ndani ya saraka kama barua ilivyo ndani ya bahasha. Usemi huo wafaa katika mazungumzo, lakini mwanafunzi akiushikilia mno hataelewa ni kwa nini faili la filamu ya saa nzima huhamishwa kutoka saraka moja hadi nyingine kwa kufumba na kufumbua, ilhali kulinakili humfanya angoje.

Katika orodha ya saraka huweza kutajwa saraka nyingine, na katika hiyo nyingine tena, mpaka utokee mfano wa mti uliopinduliwa, shina likiwa juu. Shina hilo huandikwa kwa alama moja ya mkwaju: /. Njia ya kulifikia faili huandikwa kwa kutaja kila saraka inayopitiwa, na mkwaju ukiwekwa katikati:

/home/asha/kidato2/fizikia.txt

Maana yake ni kuanza shinani, kuingia home, kisha asha, kisha kidato2, na humo kulitafuta jina fizikia.txt. Njia ianzayo kwa mkwaju huhesabiwa tangu shinani. Isiyoanza kwa mkwaju huhesabiwa tangu mahali mtumiaji alipo wakati huo, na kwa sababu hiyo swali la kwanza la kila anayefungua terminali ni kutaka kujua yuko wapi.

Kutazama na kutembea

Amri ya pwd hujibu swali hilo kwa kuandika njia nzima ya saraka ya sasa. Amri ya ls huorodhesha majina yaliyomo, na cd huhamia saraka nyingine. Katika kitabu cha 1971 amri hii ya mwisho iliitwa chdir. Hata hiyo ilionekana ndefu, ikafupishwa baadaye. Nukta moja humaanisha saraka ya sasa, na nukta mbili humaanisha ile iliyo juu yake. Kwa hiyo:

cd kidato2
cd ..

huingia katika kidato2, kisha hutoka. Amri ya cd ikipigwa peke yake humrudisha mtumiaji nyumbani kwake, ambako ni faraja kwa aliyepotea. Saraka mpya huundwa kwa mkdir. Maandishi ya faili fupi husomwa kwa cat, na ya faili refu kwa less, ambayo huonyesha ukurasa mmoja mmoja na kufungwa kwa herufi q. Maelezo ya amri yo yote hupatikana kwa kupiga man na kufuatisha jina la amri hiyo.

Amri hupewa masharti kwa kistari na herufi. Sharti lenye faida kuliko mengine ni l katika ls:

ls -l
-rw-r--r-- 1 asha walimu 1840 Jun 12 09:15 fizikia.txt

Mstari huu ni kadi ya inodi iliyosomwa kwa sauti, likiongezwa jina kutoka katika saraka. Alama ya kwanza huonyesha aina: kistari ni faili la kawaida, d ni saraka. Herufi tisa zifuatazo ni makundi matatu ya ruhusa, la mwenye faili, la kikundi chake na la watu wengine wote. R ni ruhusa ya kusoma, w ya kuandika, x ya kuendesha. Hapa Asha aweza kusoma na kuandika, wengine wasome tu. Kisha hufuata hesabu ya majina yanayoielekea kadi hiyo, nayo itaelezwa mbele. Halafu mwenye faili, kikundi, ukubwa kwa baiti, tarehe na saa, na mwishoni jina.

Mambo mawili huwasumbua wanafunzi wengi hapa. La kwanza ni herufi kubwa na ndogo: katika Linux, Fizikia.txt na fizikia.txt ni mafaili mawili tofauti kabisa, ijapokuwa macOS kwa kawaida huyahesabu kuwa moja. La pili ni nafasi. Nafasi ndiyo inayotenganisha neno na neno katika amri, kwa hiyo saraka iliyoitwa "kidato 2" itaonekana na mashine kuwa vitu viwili, kidato na 2, isipofungwa kwa alama za kunukuu. Mwenye busara huandika kidato2 au kidato_2 tangu mwanzo. Kitufe cha Tab nacho husaidia sana: mwanafunzi hupiga herufi chache za jina, akakigusa, na mashine ikamaliza jina lililobaki. Kisipomaliza, basi ama jina hilo halipo, ama majina yaanzayo hivyo ni zaidi ya moja.

Kunakili na kuhamisha

Amri ya cp hutaka vitu viwili, kinachonakiliwa na mahali pa kukipeleka:

cp fizikia.txt fizikia_akiba.txt

Hapa mashine hufungua kadi mpya, hutafuta vipande vitupu vya diski, na kuandika humo maandishi yote upya. Kazi huongezeka kadiri faili linavyokuwa kubwa. Amri ya mv huandikwa vivyo hivyo, lakini kazi yake ni nyingine. Katika diski ile ile mv haigusi maandishi hata kidogo. Hufuta jina katika orodha moja na kuliandika katika orodha nyingine, namba ya kadi ikiwa ile ile. Ndiyo sababu kuhamisha na kubadili jina hufanywa kwa amri moja. Kwa mashine hayo ni tendo moja la kusahihisha orodha. Faili likihamishwa kwenda diski nyingine, kama vile flashi, mambo hubadilika: kadi za diski moja hazihesabiwi katika nyingine, na mv hulazimika kunakili kwanza kisha kuondoa la awali.

Amri zote mbili zina hatari moja. Jina linalotajwa mwishoni likiwa tayari ni la faili jingine, faili hilo hufunikwa pasipo onyo. Sharti la -i huifanya mashine iulize kwanza, na kwa darasa linaloanza ingefaa lipigwe kila mara.

Kinyota na anayekisoma

Tuseme saraka ya kidato2 ina mafaili 40 ya alama za wanafunzi, yote yakiishia kwa .txt. Hakuna haja ya kuyataja moja moja. Kinyota husimama badala ya herufi zo zote, kwa hiyo

cp *.txt /home/asha/akiba

huyanakili yote. Wengi hudhani kwamba cp ndiyo inayokisoma kinyota. Sivyo. Kati ya mtumiaji na amri kuna programu inayopokea mstari uliopigwa, iitwayo sheli (jina lisilohusiana na kituo cha mafuta). Sheli hukiona kinyota, hutazama orodha ya saraka, na kuweka mahali pake majina yote yanayolingana. Amri ya cp hupewa majina 40 na njia ya saraka, nayo haina habari kwamba kinyota kilikuwapo.

Kutokana na hayo huweza kutabiriwa makosa ambayo vinginevyo yangeonekana kama uchawi. Mwalimu mwenye mafaili mawili tu, kemia.txt na kemia2.txt, anapiga cp *.txt na kusahau kutaja mahali pa kupeleka. Sheli hukifanya kinyota kuwa majina hayo mawili. Amri ya cp hupokea majina mawili, hulihesabu la pili kuwa mahali pa kupeleka, na kulifunika kwa maandishi ya la kwanza. Hakuna kosa linalotangazwa, maana kwa upande wa mashine hakuna kosa. Mafaili yangekuwa matatu, na la mwisho si saraka, cp ingekataa na kulalamika.

Kufuta

Amri ya rm huondoa faili. Katika madirisha yenye picha faili linalofutwa hupelekwa kwanza kwenye kapu la taka, ambamo laweza kuokotwa. Terminali haina kapu. Hata hivyo rm yenyewe, ikitazamwa kwa makini, haifuti maandishi. Hulifuta jina katika orodha, na kupunguza moja katika ile hesabu iliyo kwenye kadi. Hesabu ikifika sifuri, na ikiwa hakuna programu iliyolifungua faili hilo, kadi hutupwa na vipande vyake hutangazwa kuwa vitupu. Maandishi huweza kubaki humo kwa muda, lakini hakuna tena orodha inayoonyesha yalipo, na faili jingine lo lote laweza kuandikwa juu yake dakika ile ile. Wataalamu huweza mara nyingine kuyatafuta. Mwanafunzi asitegemee hilo.

Kwa kuwa kufuta ni kusahihisha orodha, ruhusa inayohitajika ni ya kuandika katika saraka. Faili lisiloruhusiwa kuandikwa laweza kufutwa na mtu mwenye ruhusa ya kuandika katika saraka iliyolitaja, ingawa rm humwuliza kwanza. Wanaoamini kwamba wamelinda faili kwa kuondoa herufi w katika mstari wake wamefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Sharti la -r huifanya rm ishuke katika kila saraka iliyo chini na kuondoa vyote. Sharti la -f huizuia isiulize lo lote. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya California ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya rm yenye masharti hayo mawili na kinyota, mahali ambapo filamu nzima ilikuwa imehifadhiwa. Watu waliokuwa wakitazama mafaili ya mhusika mkuu, Woody, waliona kofia yake ikitoweka, kisha viatu, kisha Woody mwenyewe. Mashine zilizimwa kwa haraka, lakini sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imekwisha ondoka. Walipoziendea kanda za akiba waligundua kwamba hazikuwa zikihifadhi sawasawa. Kazi iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, alikuwa na nakala katika kompyuta ya nyumbani, aliyokuwa akiitumia baada ya kujifungua mtoto. Kompyuta hiyo ilifungwa kwa mablanketi na kuletwa kazini kwa gari.

Kosa dogo zaidi laweza kuleta hasara kama hiyo katika chumba cha darasa. Mtu ataka kuondoa mafaili ya zamani yanayoishia kwa .bak, na badala ya kupiga

rm *.bak

anapiga

rm * .bak

Tofauti ni nafasi moja. Sheli huona maneno mawili: kinyota, ambacho inakigeuza kuwa majina ya mafaili yote, na .bak, ambalo halilingani na kitu. Amri ya rm huondoa kila faili katika saraka hiyo, na mwishoni hulalamika kwamba faili liitwalo .bak halipo. Malalamiko hayo ndiyo dalili ya kwanza anayoiona mtumiaji, nayo huja baada ya mambo kwisha.

Kinga iliyo nyepesi hutokana na kuijua kazi ya sheli. Kabla ya kufuta kwa kinyota, mstari ule ule hupigwa kwa ls badala ya rm. Sheli itakipanua kinyota kwa namna ile ile, na majina yatakayoorodheshwa ndiyo hasa yatakayofutwa. Orodha ikiridhisha, mshale wa juu huurudisha mstari, na ls hubadilishwa kuwa rm bila kupiga upya yaliyobaki. Sharti la -i nalo lipo hapa pia. Nakala iliyo katika diski nyingine ni bora kuliko vyote hivyo, ikiwa hufunguliwa mara kwa mara na kuhakikishwa kwamba inasomeka.

Jaribio

Jaribio lifuatalo huonyesha kadi na majina yake kwa dakika chache. Lifanywe katika diski ya kompyuta yenyewe, wala si katika flashi, kwa kuwa flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo usio na inodi. Alama ya > hupeleka maandishi katika faili jipya, na >> huyaongeza mwishoni mwa faili lililopo. Amri ya ln huipa kadi jina la pili.

mkdir jaribio
cd jaribio
echo "Maji huchemka kwa nyuzi 100" > moja.txt
ln moja.txt mbili.txt
ls -li

Sharti la i huonyesha namba ya kadi mwanzoni mwa kila mstari. Wanafunzi wataona majina mawili yenye namba moja, na hesabu ya majina katika kila mstari ikiwa 2. Kisha waongeze maneno kwa kutumia jina moja na kusoma kwa jina la pili:

echo "Barafu huyeyuka kwa nyuzi 0" >> mbili.txt
cat moja.txt

Mistari yote miwili itaonekana. Sasa waondoe jina la kwanza na kutazama tena:

rm moja.txt
cat mbili.txt
ls -li

Maandishi yapo yote, namba ya kadi ni ile ile, na hesabu imerudi 1. Mwishoni wapige cp mbili.txt tatu.txt, na kabla ya kupiga ls -li kwa mara ya mwisho, kila mwanafunzi aandike daftarini namba na hesabu anazozitarajia katika kila mstari, pamoja na sababu yake.